Kutoka Hadithi za Watoto hadi Riwaya ya Watu Wazima: Jinsi ya Kujichapishia Ukiwa Lamu au Malindi

Mwongozo huu ni wa mwandishi ambaye tayari ana kitabu kimoja au viwili vya watoto vilivyotolewa na mchapishaji wa Nairobi au Mombasa, na sasa ana riwaya ya watu wazima anayotaka kuitoa mwenyewe. Nimeuandika kwa sababu maswali ni yale yale kila msimu. Mchapishaji wangu wa zamani anaweza kunizuia? Nitumie jina langu? Nipige chapa nakala ngapi? Na lile linaloulizwa kwa sauti ya chini, hasa na walimu: wazazi wa wanafunzi wangu wakikisoma, itakuwaje?

Elewa jambo moja kwanza, maana hatua nyingi zilizo hapa chini zinatokana nalo. Kitabu cha watoto hununuliwa na mtu asiyekisoma. Mzazi anatoa pesa kwa sababu shule imekiandika kwenye orodha, na shule imekiandika kwa sababu Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, imekipitisha. Mtoto mwenyewe hakuulizwa. Riwaya ya watu wazima haina mlolongo huo. Ina mtu mmoja tu mwenye pesa zake mfukoni, na pesa hizo zingeweza kununua bando, samaki au leso mpya. Usitegemee kwamba waliokujua kwa kitabu cha Gredi ya 4 watakufuata. Wengi wao hawajawahi kukinunua kitabu kwa hiari yao.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Muswada uliokwisha. Uliobakiza sura mbili bado haujaisha.
- Nakala ya kila mkataba uliowahi kutia sahihi. Kama huna, mwandikie mchapishaji akutumie. Ni haki yako kuwa nayo.
- Kitambulisho, PIN ya KRA na akaunti ya eCitizen.
- Kompyuta, hata ya kuazima. Kuandika kwa simu kunawezekana, ila kupanga kurasa kwa simu ni kujitesa.
- Wasomaji watatu wa majaribio wasio ndugu zako wala wanafunzi wako. Mmoja awe mtu asiyeijua Lamu wala Malindi kabisa.
- Pesa ambazo hutazihitaji kwa mwaka mzima. Pesa za karo zisiguswe.
- Mahali pakavu pa kuweka katoni. Hili watu hulicheka mpaka katoni zifike.

Hatua ya 1: Soma mkataba wako wa zamani, kifungu kwa kifungu

Tafuta vitu vinne.

Cha kwanza ni haki ya kuona kazi yako ijayo. Mikataba mingi humpa mchapishaji nafasi ya kwanza kuusoma muswada wako unaofuata kabla hujaupeleka kwingine. Angalia kimeandikwaje. Kikisema "kazi ijayo ya watoto", riwaya yako haimo. Kikisema "kazi yoyote ijayo", imo, na lazima uwape nafasi hiyo kwanza.

Cha pili ni kifungu cha kutoshindana, kinachokukataza kutoa kitabu kitakachoharibu soko la kile walichonacho. Riwaya ya mapenzi na urithi wa nyumba ya mawe haishindani na hadithi ya kobe na tumbiri, lakini ni afadhali wao wenyewe waliseme hilo kwa maandishi.

Cha tatu ni wahusika na picha. Kama unataka Binti Shee wa hadithi zako za watoto akue na kuolewa ndani ya riwaya, angalia kama haki za wahusika zilibaki kwako. Michoro ni ya mchoraji au ya mchapishaji, haiwi yako kwa sababu tu kitabu kina jina lako. Usiichukue kuipamba riwaya wala kuitangaza.

Cha nne ni kurudishiwa haki. Kitabu kilichokwisha madukani na kisichopigwa chapa tena mara nyingi kinaweza kurudi kwako ukiomba kwa barua. Hakihusiani na riwaya moja kwa moja, ila ukishakuwa mchapishaji kinaweza kukufaa.

Baada ya hapo mwandikie mhariri wako barua fupi. Ya namna hii inatosha:

"Nimekamilisha riwaya ya watu wazima ambayo nakusudia kuichapisha mwenyewe. Haihusiani na vitabu vyangu mlivyochapisha, na haitumii wahusika wala michoro ya vitabu hivyo. Naomba mnithibitishie kwa maandishi kwamba hamna dai juu yake kwa mujibu wa mkataba wetu wa tarehe fulani."

Usitumie lugha ya ugomvi. Kuna siku utataka kuwapelekea hadithi nyingine ya watoto.

Hatua ya 2: Amua jina litakaloandikwa kwenye jalada

Rai yangu ni hii: kama riwaya yako ina mambo ya chumbani, ulevi au damu, tumia jina la kalamu, au angalau ubadilishe namna jina lako linavyoandikwa. Sababu hapa si aibu. Mzazi akitafuta jina lako mtandaoni au akiliulizia dukani ili amnunulie mtoto, ataletewa vitabu vyote pamoja, na muuzaji mwenye haraka hatafungua kurasa kuangalia. Mwandishi aliyeajiriwa na TSC, tume ya walimu, ana sababu ya pili, maana malalamiko ya mzazi mmoja yanaweza kufika ofisini kabla mtu yeyote hajafika sura ya pili.

Kama riwaya haina hayo, baki na jina lako. Jina ulilolijenga kwa miaka usilitupe kwa woga tu.

Jina la kalamu halikufichi mbele ya sheria. Sheria ya Vitabu na Magazeti inataka kitabu kionyeshe nani amekichapisha na nani amekipiga chapa, pamoja na anwani zao. Na ndani ya mji wa Lamu halitakuficha hata wiki moja. Ukizindua kitabu baada ya isha, asubuhi watu wa Langoni hadi Mkomani watakuwa wanajua nani kakiandika. Kazi ya jina la kalamu ni kutenganisha rafu mbili za vitabu tu.

Hatua ya 3: Mtoe mwalimu ndani ya muswada

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wengi wanaotoka vitabu vya watoto huanguka bila kujua. Wanadhani kuandikia watu wazima ni kuongeza mapenzi na matusi. Wanayaongeza, na kitabu kinabaki cha watoto.

Tazama mfano huu:

*Mwanaisha alikasirika sana kwa sababu mumewe alimdanganya. Alijua kwamba uongo huvunja ndoa.*

Sentensi ni safi na mhariri wa vitabu vya shule angeipitisha. Kila kitu kimeelezwa, hisia, sababu na somo. Sasa:

*Mwanaisha alipakua pilau, akamwekea mumewe nyama yote, kisha akakaa kumtazama akila. "Na hiyo gari," akasema, "safari hii iliharibikia wapi?"*

Msomaji mtu mzima ameshajua yote. Amejua kwamba si mara ya kwanza, na kwamba mume hatajibu. Ukiongeza "alisema kwa hasira" umemtukana.

Pitia muswada wote ukiwa na kalamu nyekundu na ukate yafuatayo:

- Sentensi yoyote inayoeleza kile ambacho mazungumzo yamekwisha kukionyesha.
- Aya ya mwisho ya kila sura, kama inafundisha. Ikate kwanza, kisha soma tena. Mara tisa kati ya kumi hutaikumbuka.
- Mtu mwema asiye na doa, na mtu mwovu asiye na sababu.
- Adhabu zinazofika kwa wakati. Katika kitabu cha shule mwizi lazima akamatwe. Katika riwaya anaweza kuwa diwani.

Kisha kuna yale yaliyokuwa yakifanywa na mchoraji. Ulizoea kuandika "walifika gatini" na ukurasa wa pili ukaonyesha gati lote, mashua, hamali na punda. Sasa hakuna picha. Ila usiulipe upungufu huo kwa kueleza kila kitu kama unamtembeza mtalii. Msomaji wa hapa analijua gati la Mokowe, na msomaji wa Kisumu anahitaji vitu viwili tu vilivyo sahihi ili aione. Chagua viwili.

Kuhusu mapenzi. Watu wa pwani wana desturi ndefu ya kusema mambo ya chumbani kwa mafumbo, katika mashairi, katika taarabu, katika jina la leso. Unaweza kuifuata, unaweza kuiacha. Usilofanya ni kuanza tukio kwa ujasiri halafu katikati ukaona haya ukakimbilia nukta tatu. Funga mlango kabla hawajaingia, au ingia nao.

Mwisho wa hatua hii ni majirani. Lamu na Malindi ni miji ambayo mtu hujitafuta kitabuni kabla hajaitafuta hadithi. Kubadilisha jina pekee hakutoshi. Kwa kila mhusika uliyemtoa kwa mtu wa kweli, badilisha mtaa, kazi na idadi ya watoto, na usitumie jina la ukoo unaojulikana. Yale maneno "wahusika wote ni wa kubuni" kwenye ukurasa wa mwanzo hayazuii kesi ya kashfa kama mji mzima unaweza kumtaja mtu huyo kwa kidole.

Kwa urefu, lenga maneno kati ya 50,000 na 80,000. Aliyezoea kuandika hadithi ya maneno 3,000 huona hii kama safari ya kwenda na kurudi kisiwa cha Pate kwa kasia, na hapo hujaza maneno matupu. Kitabu kizuri cha maneno 48,000 ni bora kuliko kilichotiwa maji kifike 70,000.

Hatua ya 4: Chagua Kiswahili chako na ukishike

Vitabu vya shule vinataka Kiswahili sanifu mwanzo mwisho. Sasa hakuna wa kukukataza Kiamu, lahaja ya Lamu. Ushauri wangu: simulizi iwe sanifu, vinywa viseme kwao. Mama wa Mkomani aseme *ndia*, *mato*, *moya* na *mai*, na mwanawe aliyesoma Nairobi aseme njia, macho, moja na maji. Msomaji atasikia umbali ulio kati yao bila wewe kuueleza.

Andika ukurasa mmoja wa kanuni zako: maneno gani ya lahaja unayatumia, yanaandikwaje, na nani anayasema. Mpe mhariri kabla hajaanza, la sivyo atayasahihisha yote na kukutoza. Usiweke maana kwenye mabano. Wala usimpe mtu wa Malindi Kiamu kwa kuwa ndicho unachokijua. Malindi ina mchanganyiko wake, na Kigiriama na maneno ya Kiitaliano yanasikika sokoni. Mbajuni naye ana lahaja yake.

Hatua ya 5: Tafuta mhariri, halafu msoma prufu, na wasiwe mtu mmoja

Mchapishaji alikuwa akikufanyia hili bila wewe kuliona. Mhariri anaangalia hadithi: panapochosha, panapopingana, asiyehitajika. Msoma prufu anaangalia herufi, baada ya kurasa kupangwa. Patana na mhariri kwa kumpa sura moja ya majaribio kwanza, kwa malipo. Anayekurudishia sura hiyo bila swali hata moja, mshukuru na umtafute mwingine.

Kosa la kawaida ni kumpa mwalimu mwenzako wa Kiswahili. Atakurekebishia upatanisho wa ngeli vizuri kabisa na ataurudisha ule mtindo wa insha uliotoka kuuvua.

Hatua ya 6: Karatasi

Hii ni rahisi kuliko watu wanavyodhani.

Sajili jina la biashara kupitia eCitizen ili uwe na jina la uchapishaji. Si lazima liwe kampuni. Omba ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, kutoka Huduma ya Maktaba, KNLS, ndiyo inayozitoa nchini. Namba za Kenya huanza na 978-9966 au 978-9914. Kitabu cha karatasi na kitabu pepe kila kimoja kinahitaji namba yake, na chapa ya pili isiyobadilishwa hutumia namba ile ile. Usikubali kuuziwa namba na mpigachapa.

Hakimiliki yako inaanza pale unapoandika, na chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001 hudumu maisha yako yote na miaka 50 baadaye. Kusajili na KECOBO, bodi ya hakimiliki, hakukupi hakimiliki, kunakupa ushahidi. Sajili hata hivyo. Baada ya kupiga chapa, peleka nakala za kisheria kwa Msajili wa Vitabu na kwa KNLS, na uziingize nakala hizo kwenye hesabu yako mapema.

Hatua ya 7: Kurasa na jalada

Ukubwa wa A5 unafaa na wapigachapa wote wanao. Tumia herufi zenye vikia (serif), ukubwa wa 11 hivi. Karatasi ya ndani iwe ya gramu 70 au 80, na ukiipata ya rangi ya malai, ichukue. Weupe mkali ni wa vitabu vya mazoezi. Jalada liwe kadi ya gramu 250 au 300 yenye laminesheni, yaani utando wa plastiki. Kwa hali ya hewa yetu, laminesheni si mapambo.

Jihadhari na kipengele cha kukata maneno mwisho wa mstari. Programu nyingi hukata kwa kanuni za Kiingereza, ndipo unapokuta "nyum-ba" na "sam-baza" badala ya "nyu-mba" na "sa-mbaza". Kizime, au ukate kwa mkono. Angalia pia alama ya ng' katika kila ukurasa, kwa kuwa hugeuka au kupotea unapohamisha faili kutoka programu moja kwenda nyingine.

Jalada la riwaya lisifanane na la kitabu cha watoto. Hakuna katuni, hakuna rangi saba. Na tafadhali, jahazi na machweo yamechoka. Kila kitabu kinachoitaja Lamu kina jahazi na machweo. Mtafute mbunifu wa majalada, mwonyeshe riwaya tano ambazo msomaji wako anazinunua, umwambie yako isimame kati yao. Mgongo wa kitabu uwe na jina linalosomeka, kwa sababu dukani ndio utakaoonekana.

Hatua ya 8: Piga hesabu kabla ya kupiga chapa

Takwimu hizi ni za mfano tu; weka bei ulizopewa wewe.

Tuseme unapiga nakala 300, kila moja shilingi 280. Hiyo ni 84,000. Usafiri hadi Lamu 6,000. Jumla 90,000, yaani 300 kwa nakala. Mhariri, msoma prufu, mpanga kurasa na jalada vimekula 60,000, yaani 200 kwa nakala. Kila kitabu kimekugharimu 500.

Ukiuza 700 mkononi, unabaki na 200. Duka likichukua asilimia 35, linakata 245, unapokea 455, na umepoteza 45 kwa kila nakala uliyofurahi kuiona kwenye rafu. Ukiiweka 850, duka linakuachia 552 na senti, unabaki na 52. Hapo ndipo wengi hukata tamaa, na ni mapema mno: chapa ya pili haina tena gharama ya mhariri wala jalada. Nakala inakugharimu 300, na duka lile lile linakuachia faida ya 252. Kwa hiyo swali la "nakala ngapi" lina jibu: kiasi unachoweza kukimaliza ndani ya mwaka, ukijua kwamba chapa ya kwanza inalipa madeni.

Mtego mmoja: uliza kama bei uliyopewa ina VAT. Asilimia 16 juu ya 84,000 ni 13,440, na wapo wapigachapa wanaoitaja siku ya kuchukua mzigo.

Omba nakala moja ya mfano kabla ya mashine kuendelea. Ifungue katikati kwa nguvu, ibane, iache juani kwenye baraza mchana kutwa. Vitabu vya watoto hufungwa kwa pini. Riwaya hufungwa kwa gundi, na gundi mbovu hujulikana kwa joto. Usilipe zaidi ya nusu kabla ya kuishika nakala hiyo.

Na kuhusu wanaosema nakala 1,000 ni nafuu zaidi kwa kila moja: ni kweli, na nakala 700 kati ya hizo zitalala nyumbani kwako.

Hatua ya 9: Kufikisha na kuhifadhi

Mzigo wa Malindi hufika kwa basi na mambo yameisha. Wa Lamu unashuka Mokowe, unaingia botini, unapandishwa gatini, kisha kwa mkokoteni au punda hadi nyumbani. Kila kituo ni mkono mwingine na maji mengine. Mwambie mpigachapa afunge vitabu 20 au 25 kwa kila furushi, ndani ya plastiki, kisha katoni. Katoni kubwa zitaangushwa. Kaa mbali na masika: Tana ikifurika, barabara ya Garsen hukatika na vitabu vyako hulala mahali usipopajua.

Nyumbani, katoni zisiguse sakafu wala ukuta. Nyumba za mawe zinavuta unyevu na chumvi kutoka chini. Weka mbao, acha nafasi nyuma, fungua katoni moja kila mwezi uangalie ukungu na mchwa.

Hatua ya 10: Kuuza

Anza kwa kuuza kabla ya kupiga chapa. Tangaza kwa watu unaowajua, pokea malipo kwa namba ya till, mpe kila mtu risiti na tarehe. Ukipata watu 60 waliolipa, unajua una kitabu. Ukipata 9, unajua pia, na hujapoteza 90,000.

Maduka hupokea kwa mali kauli: unawaachia, wanalipa kikiuzwa. Usiwape zaidi ya nakala 10 kwa mara ya kwanza, na usiondoke bila karatasi yenye idadi, asilimia na tarehe ya kulipana. Nairobi kuna Nuria, duka linalojulikana kwa kupokea waandishi wanaojichapishia. Lamu, jaribu hoteli za Shela na maduka ya barabara ya ndani, na upange uzinduzi karibu na tamasha la utamaduni la Novemba, wageni wanaosoma Kiswahili wanapokuja. Maktaba iliyomo ngomeni mpe nakala bure.

Usiuze shuleni. Najua ndiko unakojulikana. Usiuze.

Kitabu pepe ni cha baadaye, kwa wasomaji walio nje. Amazon huwapa waandishi asilimia 70 ya bei kwa kitabu cha kati ya dola 2.99 na 9.99 katika masoko yake makuu, na 35 nje ya hapo. Mauzo ya Marekani hukatwa kodi ya asilimia 30 kwa kuwa Kenya haina mkataba wa kodi nao. Kabla ya kupoteza wiki ukitengeneza faili, soma orodha ya lugha wanazozipokea. Nchini, eKitabu, kampuni ya vitabu pepe, ni njia ya kuangalia.

Mambo yakikwama

*Mchapishaji hajibu barua ya Hatua ya 1.* Tuma tena baada ya mwezi, kwa barua pepe na kwa posta ya rejista. Kama mkataba unawapa muda maalumu wa kujibu na umepita, weka ushahidi na uendelee. Kama hauna muda, lipa wakili kwa saa moja ausome.

*Nakala zimefika na kurasa zimerudiwa au kuruka.* Usiuze hata moja kwanza. Kagua zote, piga picha, hesabu mbovu, mjulishe mpigachapa siku hiyo hiyo. Ndiyo maana ulibakiza sehemu ya malipo.

*Mzazi au mwalimu mkuu analalamika.* Usibishane juu ya maadili. Mwonyeshe kwamba kitabu kina maneno "Kwa wasomaji wa miaka 18 na zaidi" nyuma ya jalada na kwamba hukukipeleka shuleni. Kama hukuyaandika maneno hayo, agiza vibandiko leo.

*Mtu anasema umemwandika yeye.* Msikilize, usikiri, usicheke, na usijibu kwa maandishi. Mara nyingi anataka kujua kama ni yeye. Akitaja wakili, nawe nenda kwa wakili.

*Duka halilipi.* Nenda na ile karatasi, chukua nakala zilizobaki, samehe zilizouzwa kama ni chache. Nauli ya kulifuata deni la shilingi 2,000 Mombasa mara tatu inazidi deni.

*PDF inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp.* Waombe wasimamizi wa makundi waifute, wengi hukubali wakiombwa kwa heshima. Mbele ya safari, ukiuza PDF weka jina na namba ya mnunuzi chini ya kila ukurasa.

*Miezi sita imepita na katoni ziko vile vile.* Usishushe bei kwanza. Wape nakala wasomaji watano wanaosikilizwa, kila mmoja mji wake, na uwaombe waseme ukweli hadharani. Angalia masharti ya tuzo ya Safal-Cornell ya fasihi ya Kiswahili kwa mwaka huo, kama kitabu kilichokwisha kuchapishwa kinapokelewa. Kisha muulize muuzaji wa duka swali moja: watu wanakichukua na kukirudisha, au hawakigusi kabisa? Wasipokigusa, tatizo ni jalada, nalo unaweza kulibadilisha katika chapa ijayo. Wakikichukua na kukirudisha, fungua ukurasa wa kwanza usome kama mtu asiyekujua.